Kuiona Nagasaki Ikija

Shamsa, binti niliyekuwa nikifanya naye kazi, kanishikilia niandike. Tangu siku ile waliponikatia keki ya kuniaga dukani, keki yenye ndege ya sukari ambayo bawa lake lilidondoka kabla hatujaifikia, hanipi pumzi: "Anti Zuhura, please, write it down." Haya basi, naandika, na naandika kwa Kiswahili, kwani ndicho nilichofanyia kazi. Wewe Shamsa mwanangu, uliyezaliwa hapa hapa London na kila nikikuuliza jambo kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, ukikwama mpelekee mama yako akusomee. Itakuwa ndiyo dawa yako.

Ya vyeo siyasemi. Duka letu la tiketi hapa Kilburn lilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye duka na asiye mwenye duka, na mimi nilikuwa hicho cha pili tangu mwanzo. Ya mshahara nayo tuyaache yalale. Nitasema ya kazi.

Niliingia pale mara ya kwanza kama mteja. Nilikuwa mke mgeni kutoka Unguja, nasafisha maofisi alfajiri, nikaenda kuuliza nauli ya mama yangu. Mezani walikuwepo wanawake wawili wa Kipemba, kila mmoja anadai kwamba kiti cha dirishani kwenye ndege ni chake, na mwenye duka kashika kichwa. Nikawaambia, "Jamani, si mwende mmoja akakae dirishani wakati wa kwenda, na mwingine wakati wa kurudi?" Wakanitazama kama nimewatukana, kisha wakakubali. Mwenye duka akaniuliza, "Mama, unafanya kazi wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Kesho njoo hapa."

Huyo ndiye Kantibhai. Mhindi wa Mombasa, mzaliwa wa huko, anakaa Stanmore, na kila asubuhi anashuka kwa treni na chapati zake za majani ya uwatu ndani ya mfuko wa plastiki. Kiswahili chake kilikuwa cha Kimvita kabisa. Akikukasirikia hubadilisha akenda kwenye Kigujarati ili usimuelewe, na hiyo naihesabu kuwa ni heshima.

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilijipamba, nikavaa viatu vya kubana. Akaniambia, "Keti hapo." Nikamuuliza, "Hapo pa mteja?" "Hapo hapo. Leo kazi yako ni kuketi." Basi nikakaa kutwa kwenye kiti cha mteja kama niliyesahauliwa. Kila mlango ukifunguliwa baridi inanipiga miguuni. Kiti chenyewe kifupi, meza iko juu, unazungumza na mtu huku unatazama mashimo ya pua yake. Yeye anapiga simu, anaandika, husikii kitu wala huoni kitu, na koti hujui ulivue au ulivae. Jioni akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia, "Nimeona baridi, na nimejiona mwombaji." Akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake tukahamisha hita, tukanunua viti vipya viwili vya mbao, virefu sawa na vyetu. Viti hivyo ndivyo mlivyonavyo mpaka leo, na nasikia yule meneja wenu mpya anavitazama kwa jicho baya.

Vyombo vya kazi siku hizo vilikuwa simu, penseli, na vitabu vya nauli vizito vya kuvunjia mguu. Ukipiga simu kwa kampuni ya ndege unawekewa muziki, na ule muziki mimi naujua mpaka leo. Nikiusikia kwenye lifti natafuta penseli. Kisha zikaja kompyuta. Lakini chombo nilichokitumia kuliko vyote ni birika. Mtu anayekuja kununua tiketi ya msiba haongei mpaka ashike kikombe cha moto, na mtu anayekwenda kuoa haongei mpaka kikombe kipoe. Mtengenezee mtu chai kwanza, kisha ndio umuulize anakwenda wapi. Haya ya kompyuta mtafundishwa na wengine.

Na palikuwa na ada moja, desturi yake Kantibhai, ambayo hakuwahi kuivunja: safari ya watu wawili hamuuzii mtu mmoja. Aje mume, aje mke, wakae wote wawili kwenye viti viwili, waulizwe pamoja. Wapi, lini, chumba gani, na yale maswali ya bima, una maradhi gani, umelazwa lini. Nilimuuliza sababu. Akasema zamani alimuuzia bwana mmoja tiketi mbili za kumshangaza mkewe, na aliyeshangaa ni yeye Kantibhai, kwa sababu mke alikuja na kaka zake wawili wakubwa wakubwa wazirudishe. "Tangu hapo," akaniambia, "mtu akitaka kumshangaza mkewe namwelekeza duka la maua." Alipofariki nilimlilia kama baba, na ada yake nikaishika vile vile.

Sasa nije kwenye kisa ambacho Shamsa alikiona nusu na anataka kukijua chote. Kilinikuta mwishoni mwishoni, mwaka wangu wa mwisho kazini.

Mzee Salum alikuwa mteja wetu wa siku nyingi. Anakaa Thamesmead, anavuka London nzima kuja Kilburn kwa sababu ati tiketi za huko kwao hazina Kiswahili. Siku hiyo kaja peke yake, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, koti kalifunga mpaka shingoni.

"Mzee Salum, leo Unguja au Umra?"

"Japani."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kwa meli," akaongeza. "Miye na Mama Asha. Lakini yeye asijue."

"Asijue vipi? Utamtia kwenye begi?"

Akanisimulia. Ujanani alikuwa baharia, wa chini kwenye injini, kazi yake kutia mafuta mashine. Yokohama, Kobe, Nagasaki, kote huko kafika, na Nagasaki ndiyo aliyoipenda zaidi. "Lakini Bi Zuhura, Nagasaki nimeingia mara nyingi na sijawahi kuiona ikija." Sikumfahamu. Akanieleza kwamba meli ikiingia bandarini watu wa injini wote wako chini, amri zinashuka moja juu ya moja, punguza, simamisha, rudi nyuma. Mji wanausikia kwa mashine tu. Wakija kupanda juu, meli imeshafungwa kamba na mji umeshakaa pale, kama mgeni uliyemkuta sebuleni hukumuona akibisha hodi. "Nataka nisimame juu kama abiria. Mama Asha awe ubavuni kwangu. Niione inakuja."

Nikampa brosha. Hakuitazama kama watu wanavyotazama. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kichwa upande, akaitazama kwa pembe ya jicho kama kuku.

"Macho vipi, mzee?"

Akaiweka brosha mezani. Kisha akasema katikati ya kila anachokitazama pameingia doa. "Nikikutazama usoni sikuoni. Nikilitazama sikio lako, hapo ndipo naiona pua." Doa linakua. Daktari wa macho hakuweza kumwambia litachukua muda gani. Na mkewe hajui, kwa sababu, nayasema maneno yake mwenyewe, "Akijua ataniuguza. Sitaki kuuguzwa, nataka kusafiri."

Wallahi roho iliniuma. Nikatamani nimuuzie pale pale. Lakini nikamwambia, "Kamlete mwenzako." Alikasirika! Akaniambia pesa zake ni za halali, kisha akaondoka bila kunywa chai. Siku chache baadaye karudi na halua ya kunihonga. Halua niliila, tiketi sikumpa. Mara ya tatu akaja na mkewe, Bi Rukia mwenyewe, kamdanganya kwamba wanakuja kuuliza nauli ya Unguja.

Bi Rukia mnamjua nyote. Akiingia mahali, udi hutangulia, kisha sauti, kisha yeye. Alikuwa analalamika kuhusu ngazi za stesheni tangu mlangoni. Nikawakalisha, nikawapa chai, nikaiweka brosha katikati yao. Akaiona ile meli kubwa nyeupe.

"Meli hiyo?"

"Meli, Bi Rukia."

"Ya nani?"

"Yenu, mkipenda. Inakwenda Japani."

Akaisukuma brosha kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ukingoni mwa meza. "Zuhura mwanangu, huyo ni mke mwenzangu." Nikamtazama Mzee Salum, anatazama chini. "Ujana wangu wote kalala kwake. Miye nikipewa zamu zilizobaki. Nimezaa peke yangu, nimezika mama yangu peke yangu, yeye yuko kwa huyo. Leo nimezeeka, magoti hayanitii, ndio nikalale nyumbani kwa mke mwenza? Astaghafirullah!"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikamuongezea sukari.

Mzee Salum akasema kwa sauti ndogo, "Lakini nilikusimulia, Mama Asha. Kwenye kaseti."

Hapo ndipo nikajua habari ya kaseti. Siku zile barua zilikuwa za watu wanaopenda kuandika. Wao walitumiana sauti. Mzee Salum alinunua kaseti moja huko, anazungumza, anampa baharia mwenzake anayerudi nyumbani ampelekee. Bi Rukia anasikiliza, anajibu, anairudisha kwa yeyote anayekwenda bandarini. Na kaseti ilikuwa moja. Kila mmoja akijibu, huzungumza juu ya maneno ya mwenzake, nayo yanafutika.

"Alinisimulia Nagasaki yote," Bi Rukia akaniambia. "Vilima huku na huku, nyumba zimepanda mpaka juu, na wanawake wanauza samaki kwenye ngazi. Kazungumza upande mzima. Nami nikamjibu kwamba bati linavuja."

"Linavuja juu ya kitanda," Mzee Salum akasema.

"Juu ya kitanda. Upande mzima nilizungumza bati." Akakizungusha kikombe chake. "Kwa hiyo Nagasaki nilikuwa nayo, nikaifuta mwenyewe."

Nikaona sasa nimefika pabaya, kwa sababu kilichobaki ni maswali ya bima. Wateja wengine hudhani maswali haya ni usumbufu tu, lakini usipomwambia mwenye bima maradhi yako, ukiugua baharini ni juu yako. Na ada ni kuuliza mbele ya wote wawili. Ningeweza kuyaruka nikayauliza baadaye kwenye simu. Niliyafikiria hayo, sikufichi. Kisha nikaona viti viwili vimejaa, nikauliza.

"Bi Rukia, maradhi yoyote?" Magoti na presha. "Mzee Salum?"

Bi Rukia akajibu badala yake, "Huyu hana kitu, huyu chuma." Mzee Salum akamgeukia mkewe. Hakumtazama usoni, alilitazama sikio lake.

"Macho," akasema. Kisha akamwambia yote, lile doa, daktari, na kwamba anataka kuiona ikija kabla doa halijaziba. Hakupamba.

Bi Rukia akakiweka kikombe chini. "Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Ndio maana ulikuwa unamwaga chai mezani, ukaniambia vikombe vimepasuka?"

"Ndiyo."

"Nimetupa vikombe vizima, Salum!"

Hapo nikajua mambo yamemfika. Miaka yote ile sijamsikia akimwita mumewe jina mbele ya watu. Siku zote ni Baba Asha. Akaanza kulia, si kwa kificho, analia na makamasi yanamtoka, nami nikampa karatasi, nikajichukulia na yangu. Mzee Salum anapapasa mezani anautafuta mkono wake na anakamata brosha. Bi Rukia mwenyewe akaushika mkono wa mumewe, akaupeleka pale unapotakiwa.

Baadaye akajifuta. "Zuhura, chumba kiwe juu. Chini kwenye mashine sishuki. Kama ni mke mwenza, safari hii nitamkalia kichwani."

Sasa nisikilizeni nyinyi mliobaki kazini, kwa sababu hapa pana somo. Meli ya kwanza iliyokuwa na nafasi ilikuwa karibu sana kuondoka, na bei ilikuwa nzuri. Wote tukafurahi. Kisha nikapiga simu kuuliza jambo ambalo halimo kwenye brosha: Nagasaki mnaingia saa ngapi? Yule kijana wa kampuni hakujua, akaenda kuuliza, akarudi akaniambia wanaingia kabla ya alfajiri, abiria wakiamka wako bandarini. Kwa fahari kabisa, kama ananipa zawadi. Basi hii ilikuwa ni kumpeleka Mzee Salum mpaka upande mwingine wa dunia akaukute tena mji umeshakaa sebuleni!

Meli iliyoingia mchana ilikuwa ni ya majira ya baadaye, na kusubiri kwenyewe ndiko tulikokuogopa. Nikawaita wote wawili, nikawaeleza. Mzee Salum akasema, "Tuchukue hii hii. Miye sina wakati." Bi Rukia akasema, "Gizani hata mwenye macho haoni. Tutangoja." Wakabishana kidogo mbele yangu, na mara hii nilifurahi kusikia watu wakibishana. Akashinda mke.

Wakangoja, nami nikangoja nao, na nawaambia sijawahi kungoja vile. Kila nikipiga simu Thamesmead namsikia Bi Rukia akijifanya mchangamfu. Siku walipokuja kuchukua tiketi, Mzee Salum alinyoosha mkono kushika kiti, kiti yeye mwenyewe kakikalia mara nyingi, akakikosa. Bi Rukia hakumshika. Alikisogeza kiti kwa mguu mpaka kikamgusa gotini, akaendelea kuzungumza habari za viatu kama hakuna kitu. Nilimpenda sana siku ile. Usiku sikulala vizuri. Nilijiuliza kama nimemnyima mzee wa watu macho yake kwa ajili ya saa ya kuingia bandarini.

Wakaondoka. Ndege mpaka Tokyo, gari mpaka Yokohama, meli. Niliwaandikia kila kitu kwa herufi kubwa, chakula cha samaki na mboga, kibla upande gani, nani wa kumwuliza. Nao wakanyamaza. Na mimi siku zangu za kazi zikamalizika.

Siku ya mwisho ndiyo ile ya keki. Asubuhi, kabla wageni hawajaja, nilifungua simu nikakuta sauti ya Bi Rukia imeingia wakati nimelala. Shamsa alikuwepo, anapuliza maputo. Sikukaa upande wangu. Nilikaa kwenye kiti cha mteja, Shamsa akakaa kwenye cha pili, tukasikiliza.

Mwanzo ni upepo. Kisha Bi Rukia, anapiga kelele kama mimi niko ng'ambo ya barabara: "Zuhura! Tupo juu! Jua limetoka! Yu hapa ubavuni kwangu!" Akadhani kaizima simu, kumbe hajaizima.

"Haya, Mama Asha, nambie," sauti ya Mzee Salum.

"Mbele yetu daraja. Refu, jeupe, limetundikwa kwa kamba."

"Zamani hakukuwa na daraja."

"Sasa lipo. Tunapita chini yake. Inama!"

Wakacheka wote wawili. Upepo tena.

"Vilima?"

"Huku na huku, kama ulivyosema. Nyumba zimepanda mpaka juu, kila moja imemkalia mwenzake begani. Wewe unaona nini?"

Shamsa akalibana puto mkononi.

"Naona mtandio wako mweupe. Na pembeni yake kuna kitu kikubwa kinakuja."

"Ndiyo Nagasaki hiyo, Baba Asha."

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Inakuja."

Honi ya meli ikalia, kisha Bi Rukia akaanza tena, mbio mbio: boti ndogo inatukimbilia, watoto wa skuli wanapunga mikono, kuna nyumba moja kule juu ina bati jekundu.

"Linavuja?" Mzee Salum akauliza.

Sijui Bi Rukia alikuwa anacheka au analia, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Mwisho kabisa, kabla simu haijakatika, inasikika sauti ya mzee, karibu sana, nadhani kaona sasa kwamba taa ya simu mkononi mwa mkewe bado inawaka.

"Mama Asha," anamwambia, "hii usiifute."